Uzi: Timu ya kuokoa askari na ofisa usalama kwenye tukio la moto, tupange kwa hesabu ya hewa na watu

Mtaimbo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye matukio mengi timu ya kuokoa askari, yaani wale wanaokaa nje tayari kuingia kumtoa mwenzao wa zimamoto aliyekwama ndani, ipo kwenye daftari tu. Kamanda anataja majina mawili, waliotajwa wanaegemea gari wamevua kofia, mitungi ya hewa iko chini, na baada ya dakika kumi mmoja wao ameshatumwa kuvuta mpira wa maji. Likitokea la kutokea, hakuna timu.

Tuanze na vipimo vilivyowahi kufanyika. Mwaka 2001 askari mmoja alipoteza maisha ndani ya supamaketi iliyokuwa ikiungua mjini Phoenix, Marekani. Idara ya zimamoto ya mji huo ikafanya mazoezi mengi ya kumtoa askari aliyeanguka ndani ya majengo makubwa ya biashara, huku wakihesabu watu na muda. Walikuta kwamba kumtoa mmoja kunataka waokoaji 12, inachukua dakika 21 hivi tangu wito wa hatari mpaka atoke nje, na mwokoaji mmoja kati ya kila watano anaingia matatizoni yeye mwenyewe. Hesabu hiyo ni ya jengo kubwa. Nyumba ndogo yenye vyumba vitatu ni nafuu, lakini hata huko watu wawili hawatoshi kumbeba mtu mzima mwenye mtungi mgongoni na nguo zilizolowa.

Kwa hiyo mimi naipanga hivi. Kikosi cha kwanza kinapoingia, wawili wanabaki nje wakiwa wamevaa kila kitu isipokuwa barakoa usoni. Gari la pili likifika, linatoa timu kamili ya wanne yenye kiongozi wake, na timu hiyo haina kazi nyingine. Jengo likiwa na milango miwili inayotumika kuingilia, au ghorofa ambayo ngazi zake ziko mbali, kila upande uwe na timu yake. Na timu ikiingizwa kuokoa, nyingine inaitwa palepale kushika nafasi yake mlangoni, bila kungoja ya kwanza ilete habari.

Wanne hao wanagawana kazi kabla, si baada ya wito. Kiongozi ana redio na kamera ya joto, hashiki kitu kizito. Wa pili anabeba mkoba wa hewa, wenye mtungi na barakoa ya akiba kwa ajili ya aliyekwama. Wa tatu ana shoka, mtaimbo na mkasi wa waya. Wa nne ana kamba ya mita 60 na mwisho wake mmoja umefungwa nje, kwenye kitu kisichosogea. Vifaa vinapangwa juu ya turubai karibu na mlango, na mtu wa gari lingine akija kuazima shoka ananyimwa. Hapo ndipo timu nyingi zinapoharibikia: turubai linageuka stoo ya tukio.

PampuNaMoja

Mkuu, mpango wako ni mzuri kwa wenye watu. Gari linafika na wanne, akiwemo dereva. Wawili ndani, dereva kwenye pampu, kiongozi nje. Timu ya kuokoa inatoka wapi?

BaoLaMlangoni

PampuNaMoja, hata kanuni ya Marekani ya vifaa vya kupumulia, ile 1910.134, imeliona hilo. Inataka wawili ndani na wawili nje, na inaruhusu mmoja wa wale wa nje awe na kazi nyingine, hata ukamanda, ilimradi akiiacha asihatarishe mtu yeyote. Sharti hilo ndilo linalomtoa dereva wa pampu. Maji ya walioko ndani yako mkononi mwake. Akiiacha pampu akaingia kuokoa, mpira ukipasuka au tangi likikaribia kuisha hakuna wa kushughulika. Kwenye mazingira uliyoyataja una mmoja na nusu nje, si wawili.

Basi una njia mbili. Upige maji kutoka nje kupitia dirishani mpaka gari la pili lifike, ambayo mara nyingi inapunguza moto kuliko watu wanavyodhani. Au kama kuna mtu anayejulikana yuko ndani na bado anaweza kuokolewa, uingie ukijua umekubali hatari hiyo, na useme redioni kwamba nje hakuna timu kamili ili wanaokuja wajue kazi yao ya kwanza ni ipi. Hata kanuni ile inaacha nafasi ya kuokoa maisha kabla kikosi hakijakamilika. Duka lililofungwa, usiku, halina mtu, halimo kwenye nafasi hiyo.

Halafu kuna ubao wa mlangoni. Waingereza wanautumia vizuri: kila anayeingia anaacha kibao chake chenye jina, na ofisa wa ubao anaandika presha ya mtungi, saa ya kuingia, timu inakwenda wapi, na saa ambayo filimbi yake ya kuonya kwamba hewa inakaribia kuisha inatarajiwa kulia. Anayetoka anachukua kibao chake kwa mkono wake mwenyewe, hachukuliwi na mwenzake kwa niaba yake. Ubao ukiwa sawa, timu ya kuokoa inajua inamtafuta nani na upande gani. Ukiwa hauko sawa, inaanza kutafuta jengo zima.

Ngazi Mbili

Naomba nikae kwenye hewa kidogo, maana ndiyo inayoamua mambo mengine yote.

Mtungi wa lita 6.8 ukijazwa bar 300 unakupa takribani lita 2,040 (kiuhalisia pungufu kidogo, kwa kuwa hewa haibanwi sawasawa kwenye presha kubwa). Vifaa vya kiwango cha Ulaya vinapiga filimbi karibu bar 55, ambapo zimebaki lita 374. Askari anayefanya kazi ya kawaida anavuta lita 50 kwa dakika, hivyo ana kama dakika 33 kabla ya filimbi. Sasa mwokoaji anayetambaa haraka, anayevuta mtu, aliyejaa wasiwasi, anafika lita 100 kwa dakika kirahisi. Filimbi yake italia dakika ya 16 au 17, na ikishalia ana chini ya dakika 4.

Weka hizo dakika kwenye safari. Ikiwa imekuchukua dakika 8 kumfikia aliyekwama, umeshatumia nusu ya hewa yako ya kazi na bado hujaanza kumsogeza. Ndiyo maana timu ya kwanza isipewe agizo la "mtoeni". Agizo lake ni: mtafuteni, mpeni hewa, semeni yuko wapi na amebanwa na nini. Kutoa ni kazi ya timu ya pili, ambayo inafuata kamba iliyokwisha kulazwa na haipotezi muda kutafuta. Ikiwa ya kwanza itaweza kumtoa, vizuri, lakini isipangwe kwa matumaini hayo.

Kuhusu mkoba. Watu wengi wanadhani ukiunganisha mpira wa presha kubwa kwenye tundu la kujazia la aliyekwama, mtungi wake unajaa. Haujai, presha inalingana tu kati ya mitungi miwili. Mfano: mkoba una mtungi wa lita 9 wenye bar 300, na aliyekwama ana lita 6.8 iliyobaki bar 50. Jumla ni lita 2,700 na 340, ukigawa kwa 15.8 unapata bar 192 kwenye mitungi yote miwili. Inachukua kama dakika moja. Ikishalingana, chomoa. Mtungi wa mkoba bado una hewa ya kutosha kumvalisha barakoa ya pili ikihitajika, na ukiuacha umeunganishwa huku barakoa yake inavuja, unamwaga mitungi yote miwili kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kujaza, sikiliza uso wake. Ukisikia hewa inapuliza mfululizo, barakoa imehama usoni au imepasuka. Isukume irudi mahali pake, kaza mikanda, ndipo ujaze. Ikiwa imepasuka kioo, usipoteze muda: mvalishe barakoa ya mkoba. Barakoa hiyo iwe na mikanda imelegezwa yote, valvu ya mtungi imeshafunguliwa kabla hujaingia, na regileta (kifaa kinachopeleka hewa kwenye barakoa) imefungwa kwa kitufe chake. Kufungua valvu ya mtungi ulio ndani ya mkoba, gizani, kwa glavu mbili, kunakula muda ambao huna.

Na jambo la kununua: viungio vya kampuni mbalimbali haviingiliani siku zote. Kikosi chenye vifaa vya aina mbili kiwe na viungio vya aina zote mbili kwenye mkoba, na vijaribiwe kwa kujaza kweli, siyo kuvichungulia.

Zamu C

Ngazi Mbili umemaliza kila kitu kuhusu hewa. Mimi nataka kuuliza upande wa redio. Wito wa hatari ukitoka, nani anahama chaneli? Nimeona miongozo inayosema aliyekwama abaki na wengine wote wahame, na mingine inasema aliyekwama ahamishiwe chaneli ya dharura.

BaoLaMlangoni

Usimhamishe aliyekwama. Ana glavu, pengine mkono mmoja umebanwa, na kitasa cha redio kiko chini ya koti. Akikosea chaneli moja, umempoteza na sauti yake. Abaki alipo pamoja na timu ya kuokoa, na kamanda ampe ofisa mmoja wa kuzungumza naye peke yake. Wanaozima moto ndio wahame, kikosi kimoja kimoja, na kila kikosi kijibu kwenye chaneli mpya kabla ya kuita kinachofuata.

Mtaimbo

Kwa nadharia sawa, lakini mimi sikubaliani sana. Kuhamisha vikosi vinne katikati ya moto ni njia nzuri ya kuwa na kikosi kimoja kisichosikia amri ya kutoka. Tukio likiwa na vikosi vitatu au pungufu, kila mtu abaki kwenye chaneli ileile na anyamaze. Kamanda anasema "kimya redioni, aliyekwama na timu ya kuokoa tu", na wengine wanasema jambo la hatari peke yake. Kuhama kuwe kwa tukio kubwa, ambalo tangu mwanzo lilikuwa na chaneli ya pili yenye mtu anayeisikiliza.

Tunachokubaliana ni ujumbe wenyewe. Anayeita aseme meidei (neno la wito wa hatari) mara tatu, jina lake au namba ya kikosi, yuko wapi, nini kimetokea, presha iliyobaki, anataka nini. Kisha ndipo awashe king'ora cha mwilini kwa mkono. Akikiwasha kabla ya kusema, kelele yake inaufunika ujumbe. Kikawaida kinalia chenyewe mtu asiposogea kwa sekunde 30, lakini mtu aliyenaswa na nyaya na anaendelea kufurukuta hakitamlilia kamwe, hivyo asikitegemee. Tochi aielekeze darini au ukutani, mwanga unaoelekea chini hauonekani kwenye moshi.

Na afundishwe kuita mapema. Askari wengi wanajitahidi wenyewe kwanza, wanaita wakiwa na bar 40. Ukiupoteza mpira wako, ukinaswa, ukitumbukia kwenye sakafu iliyobomoka, filimbi ikalia na huoni njia: ita. Wito unaweza kufutwa.

PampuNaMoja

Naongezea la kamanda. Wito ukitoka, kosa kubwa ni mpira kuachwa. Wote wanataka kwenda kumtafuta mwenzao, moto unabaki bila maji, na pale alipolala panazidi kuwaka. Walio kwenye mpira wabaki kwenye mpira, tena kama kuna maji ya ziada yaelekezwe kati yake na moto. Kisha hesabu ya watu wote, kikosi kwa kikosi, kwa majina. Bila hesabu hiyo huwezi kujua kama aliyekwama ni mmoja au watatu.

Na mtu mmoja asimame mlangoni kuzuia wanaojiingilia. Worcester, Massachusetts, Desemba 1999, kwenye ghala kuukuu la baridi lisilo na madirisha, askari wawili walipotea ndani ya moshi. Wenzao wakaingia kuwatafuta, na wanne kati ya hao nao hawakutoka. Jumla waliokufa walikuwa sita. Mkuu aliyekuwa kwenye ngazi aliwazuia wengine kwa mwili wake mlangoni, na inajulikana kwamba waliobaki walikuwa tayari kuingia. Kazi hiyo ya kuzuia lazima iwe na mtu wake aliyetajwa mapema, mwenye cheo kinachosikilizwa.

Filimbi ya Pili

Tumeongea sana kuhusu kuokoa, tumegusa kidogo ofisa usalama, ambaye kazi yake ikienda vizuri turubai la Mtaimbo linakunjwa bila kutumika.

Kwanza, asiwe na kazi nyingine. Kamanda wa tukio ndiye ofisa usalama mpaka amteue mtu, na anapaswa kumteua mara tu watu wanapoingia ndani na kamanda anaanza kupokea taarifa za vikosi zaidi ya kimoja. Anayeteuliwa awe anaelewa majengo na anasoma moshi. Cheo kikubwa bila ujuzi huo hakisaidii. Pia asiwe mtu wa kushika nozeli "kidogo tu". Akishika mpira, macho ya tukio yamefungwa.

Pili, mamlaka. Akiona hatari ya papo hapo, anatoa amri ya kusimamisha au kutoka moja kwa moja redioni, na anamweleza kamanda mara moja baadaye. Hatari isiyo ya papo hapo, mfano waya uliolala uani mbali na watu, inapita kwa kamanda. Akichanganya hizi mbili, akawa anasimamisha kila kitu, baada ya saa moja hakuna anayemsikiliza.

Tatu, mzunguko. Azunguke jengo lote, pande zote nne, na arudie, kwa sababu nyuma ya jengo ndiko mambo yanabadilika bila mtu kuona. Anatazama:

– Njia za kutoka. Madirisha yenye nondo yanaandikwa na timu ya kuokoa inapewa kazi ya kuzikata mapema. Ngazi ziegemezwe kwenye ghorofa wanakofanya kazi, angalau pande mbili tofauti, kichwa cha ngazi kikae kwenye kizingiti cha dirisha au chini yake kidogo ili mtu atoke kwa kuteleza, na mahali zilipo patangazwe redioni. Ngazi ambayo walio ndani hawaijui haipo.

– Milango na madirisha ya kufungua. Hapa uangalifu: kila unachokifungua kinaleta hewa kwa moto. Mlango wa nyuma ulazimishwe ili uweze kufunguka, kisha urudishwe mpaka kamanda aseme. Kuna timu za kuokoa zinazofungua madirisha yote kwa nia njema na kuwashia moto wale wale wanaotaka kuwalinda.

– Moshi. Wingi wake, unene, rangi, na zaidi ya yote mwendo. Moshi mzito unaosukumwa kwa nguvu na kuchafuka unapotoka mlangoni unasema chumba kiko karibu kuwaka moto chote kwa mpigo. Moshi unaovuta kurudi ndani kwenye mianya ni habari mbaya zaidi.

– Jengo. Eneo la kuanguka liwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa ukuta: ukuta wa mita 8, watu na magari mita 12 nje. Chuma kisichofunikwa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kinapokaribia nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi. Kabla ya hapo kinarefuka: boriti ya mita 30 ikipanda nyuzi 500 inaongezeka sentimita 18 hivi au zaidi, na inazisukuma kuta nje. Ukiona ufa mpya pembeni ya ghala lenye paa la chuma, usitafute maelezo mengine. Na maji yetu wenyewe: mpira wa lita 500 kwa dakika unaongeza nusu tani kila dakika. Kama hayatoki chini, yako juu ya vichwa vya watu.

– Umeme. Kuzima swichi kuu hakuzimi paneli za jua zilizoko juu ya paa. Mchana zinaendelea kuzalisha, na nyaya zake mpaka kwenye kibadilishi (inveta) zina umeme.

Zamu C

Na baada ya moto kuzimwa? Hapo ndipo kila mtu anavua barakoa.

Filimbi ya Pili

Ndiyo, na ofisa usalama bado yuko kazini. Kufukua mabaki ya moto kunatoa gesi ambazo huzioni. Vipimo vinavyotumika sana ni kaboni monoksidi chini ya sehemu 35 kwa milioni za hewa na sianidi ya haidrojeni chini ya 4.7 kwa milioni ndipo barakoa zivuliwe. Pima kila chumba, na urudie kila wanapofungua dari au godoro, maana kipimo cha sebuleni hakisemi kitu kuhusu chumbani. Kifaa kinachopima monoksidi peke yake hakikuambii habari za sianidi.

Mapumziko pia ni yake. Mitungi miwili ya dakika 30, au mmoja wa dakika 45 au 60, kisha askari anatoka, anavua koti, anakunywa maji, anakaa angalau dakika 20. Timu ya kuokoa haitolewi kwa watu waliotoka kumaliza mtungi wa pili. Hilo linafanyika sana kwa sababu ndio wako karibu na mlango, na ni kosa.

Ngazi Mbili

La kumvuta mtu, nimeona halijaguswa. Kabla ya kumsogeza, mkanda wa kiunoni wa mtungi ufunguliwe, upitishwe katikati ya miguu na kufungwa tena. Usipofanya hivyo, ukivuta mabega ya mtungi, vyote vinamvuka kichwani na barakoa inakwenda navyo. Avutwe akiwa chali, kichwa mbele, mmoja akivuta mikanda ya mabega na mwingine akisukuma kutoka miguuni kwa bega lake chini ya goti. Kwenye ngazi za kupanda unahitaji wanne na kamba ya bapa. Kwenye dirisha, ndani wawe wawili wa kuinua na nje juu ya ngazi mmoja wa kupokea, na ngazi ya pili ubavuni kama ipo.

Mikanda ikinasa kwenye nyaya za dari zilizoanguka, zikate karibu na mwili, usivute. Nyaya hizo zinakaza kila mnapovuta.

BaoLaMlangoni

La mwisho kwa upande wangu, la baada ya kumtoa. Vifaa vyake visirudishwe garini. Mara tu barakoa inapovuliwa, andika presha inayoonekana kwenye geji na saa. Funga valvu ya mtungi ukihesabu mizunguko, na uandike idadi, maana hiyo inaonyesha ilikuwa wazi kiasi gani. Usikate mikanda kama kuna namna ya kuifungua. Barakoa, regileta, mtungi na redio yenye chaneli ileile iliyokuwepo viwekwe pamoja, vikae chini ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, mpaka uchunguzi uvichukue. Kibao chake cha mlangoni kiende navyo.